Fumua kwanza ndo ushike mkasi: kushona nyumbani kwa nguo za mtumba na kurekebisha pateni ikukae

Habarini wapendwa. Hii naiandika kwa ajili ya wale wenye cherehani nyumbani, iwe ya miguu iwe ya umeme, wanaotamani kujishonea ila wanaogopa kukata kitambaa kipya walichonunua kwa hela ya mawazo. Anzieni na mtumba. Hapa Mwanza tumebarikiwa kwa hilo, ukishuka Mlango Mmoja au ukazunguka Makoroboi, au hata zile meza za pembeni ya barabara huko Igoma na Buhongwa, unapata nguo ya kitambaa kizuri kwa hela ambayo dukani hainunui hata mita moja. Na nguo ya mtumba inakupa vitu viwili, kitambaa chenyewe, alafu na pateni, yaani umbo la vile vipande vinavyounda nguo, iliyochorwa na mtu anaejua kazi yake. Kitambaa kila mtu anakiona. Pateni inaonekana pale tu unapofumua mshono taratibu na kuvilaza vipande mezani, ukikimbilia mkasi umeikata pateni ya watu vipande na hutakaa uipate tena. Kwahiyo kama kuna kitu kimoja nataka ukishike kwenye haya maelezo yote ni hicho, fumua kwanza.

Kuchagua nguo sokoni

Tafuta nguo kubwa kuliko wewe, kubwa kweli, mana kupunguza ni rahisi na kuongeza ni kazi. Mashati ya kiume saizi kubwa, magauni marefu mapana, sketi za kuzunguka, mashuka na mapazia. Usione aibu kuingia kwenye meza ya nguo za kiume, muuzaji atakwambia "dada hilo la kiume" we mwambie nalijua kaka, nipunguzie bei. Muulize pia huwa anafungua robota siku gani uende mapema.

Ukishika nguo inyanyue dhidi ya mwanga, angalia kwapani, mapajani kwa ndani, kwenye kola na kwenye makalio, hapo ndo kitambaa huisha kwanza. Kama unaona mwanga unapita sana sehemu moja kuliko nyingine ujue kimechakaa, sindano ikipita hapo kitachanika. Alafu igeuze ndani uangalie akiba ya mshono, yaani ile nyama ya kitambaa iliyobaki baada ya uzi. Nguo nyingi za kiwandani wanaacha kidogo sana, kama nusu inchi hivi au chini yake, na wamepiga ovaloki, ule mshono wa vitanzi unaozuia ukingo usichanue nyuzi, hiyo huwezi kuiongeza upana bila kuweka kipande. Ila ukikuta gauni la zamani lenye akiba ya inchi nzima ndani, chukua hata kama linakubana kidogo.

Kujua kama ni pamba au ni poliesta, soma lebo ya ndani kwanza, kama imekatwa basi ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa kibano juu ya sahani, weka na maji karibu. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake ni laini yanasagika kwa vidole. Poliesta inajikunja, inayeyuka na inaacha kidonge kigumu cheusi. Hii sio ya kujua kwa ajili ya kujua tu, inakwambia pasi uiweke moto kiasi gani na nguo utaivaaje, mana joto letu la hapa la mchana, ukipanda kilima huku mawe yameshika jua, gauni la poliesta la kubana utalijutia. Sisi tunakaa kwenye ukanda wa pamba, sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inalimwa huku Kanda ya Ziwa, na wazee wanakumbuka vitambaa vya kiwanda cha MWATEX vilivyokuwa vinatoka hapahapa Mwanza. Mi naamini kabisa mtu wa huku anatakiwa ajue pamba kwa kuishika tu mkononi.

Kila kitu ukinunua fua kabla ya kufanya chochote, kwa maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, anika vizuri, piga pasi. Kufua kunaua wadudu na harufu, na kama kitambaa kinasinyaa kisinyae sahivi, kisije kusinyaa baada ya kushona. Kitenge kipya nacho hivohivo, loweka na ufue kabla ya kukata.

Vifaa

Huhitaji vingi. Mkasi wa kitambaa ambao haukati karatasi kabisa, mfiche kama kuna watoto. Mkasi mwingine wa karatasi. Tepu, chaki, pini, wembe au kile kidude cha kufumulia, pasi. Uzi mzuri, sio ule unaokatika ukiuvuta kwa mkono. Na sindano za cherehani za saizi tofauti, hili watu wanalipuuza sana, mtu ana sindano moja tangu cherehani inunuliwe na anashona nayo kila kitu. Kitambaa chepesi tumia namba 11, pamba ya kawaida na kitenge namba 14, jinzi namba 16. Fulana na vitambaa vyote vya kuvutika vina sindano yake yenye ncha ya mviringo, ukitumia ya kawaida inaruka mishono au inatoboa vitundu. Sindano ikianza kutoa mlio wa tak tak inapoingia kwenye kitambaa, badilisha.

Ukiona nyuzi zimejaa vitanzi kwa chini ya kitambaa watu hukimbilia kulaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ila mara nyingi shida iko juu, uzi wa juu haujakaa vizuri kwenye visahani vya kubania. Nyanyua mguu wa cherehani, toa uzi wote, pitisha upya mguu ukiwa umenyanyuliwa, hapo ndo visahani vinafunguka uzi unaingia. Na mafuta ya cherehani ni mafuta ya cherehani, ya kupikia yanaganda humo ndani.

Kufumua ili upate pateni

Chagua nguo ambayo unajua inakukaa vizuri, blauzi au gauni ambalo ukivaa kila mtu anakuuliza fundi ni nani, ila limechakaa kola au limepata doa lisilotoka. Hiyo ndo ya kufumua. Kabla hujaanza ipige picha kwa simu, mbele, nyuma, ndani, karibu na zipu, karibu na kola, kwenye dati (ule mkunjo ulioshonwa wenye ncha unaoipa nguo umbo), piga nyingi. Alafu kwa chaki andika kwenye kila kipande ni nini, mbele kulia, nyuma kushoto, mkono, na uweke alama ndogo pale vipande viwili vinapokutana, mfano katikati ya mkono na mshono wa bega, hizo alama zitakuokoa wakati wa kuunganisha.

Sasa siri yenyewe, fumua nusu tu. Nguo ina kulia na kushoto ambazo zinafanana, fumua upande mmoja uache mwingine umeshonwa vilevile. Ule uliofumua unakupa umbo la vipande, na ule ulioacha unakuonyesha kazi ilivyofanyika, zipu imeingiaje, bitana imeshikwa wapi, nini kilianza nini kikafata. Ukikwama unageuza ule upande mzima unaangalia. Hakuna video inayokuonyesha hivyo ukiwa umeishika mkononi.

Kufumua kwenyewe usivute kwa nguvu, kata uzi kila baada ya mishono mitatu minne upande mmoja, alafu geuza uvute ule uzi wa upande wa pili utatoka mrefu wenyewe. Ukiwa na wembe shika kitambaa kimekazwa na wembe ulale, usiusimamishe. Ovaloki inachosha ila nayo ina uzi wa kuvuta, kata vile vitanzi vya pembeni kabisa kwa wembe utaona nyuzi zinaachia.

Vipande vikishatoka vipige pasi kwa kubonyeza na kunyanyua, usiburute pasi, mana sehemu zilizokatwa kwa mshazari kama shingo na kwapa zitavutika na umbo litapotea. Laza juu ya karatasi. Karatasi mi napenda za kalenda kubwa za mwaka uliopita, ni ngumu na pana, au ganda la ndani la mfuko wa simenti uliopanguswa vizuri. Chora kwa kufata ule mstari wa matundu ya sindano, sio ukingo wa kitambaa, alafu ndo uongeze akiba yako mwenyewe, pembeni inchi moja ili kesho ukinenepa uachie, bega nusu inchi, shingo na kwapa nusu inchi au pungufu, pindo la chini inchi moja na nusu mpaka mbili. Kwa nguo za watoto pindo acha hata inchi tatu, sketi ya shule ya bluu ukiishusha kila muhula inafika mwisho wa mwaka.

Usisahau mshale. Kila kipande kina mwelekeo wa uzi, uzi wa urefu wa kitambaa, na ukikosea mwelekeo nguo inapinda mwilini hata kama umeshona vizuri namna gani. Kitambaa kipya uzi wa urefu unaenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Nguo iliyoshonwa haina ukingo, kwahiyo kivute kipande pande mbili, upande unaovutika kidogo zaidi ndo urefu. Chora mshale kwenye karatasi, andika jina la kipande, tarehe, na vipimo vya mtu.

Shati kubwa la kiume kuwa blauzi au gauni

Huu ndo mradi wa kwanza ningempa mtu yeyote, kwa sababu shati tayari lina kola, lina matundu ya vifungo, lina pindo, vile vitu vigumu vyote vishafanywa.

Vaa shati lifunge vifungo. Angalia bega kwanza, mana bega likikosea hakuna kinachosaidia. Kama mshono wa bega unaning'inia juu ya mkono kwa inchi moja hivi na unapenda ile staili ya kulegea, liache. Kama unataka likae sawasawa fumua mkono mzima, weka alama kwenye kifupa cha mwisho cha bega, chora upya duara la kwapa kwa kunakili umbo lilelile la zamani ukilisogeza ndani, ukate, urudishe mkono. Kabla ya kurudisha pima duara la mkono na duara la kwapa jipya, mkono unatakiwa uzidi kidogo tu ili upate kuzunguka bega.

Pembeni sasa, na hapa kuna hesabu ambayo nataka kila mtu aielewe. Pima kifua chako, ongeza nafasi ya kupumua, kwa shati la kitambaa kisichovutika ongeza inchi tatu mpaka nne. Pima shati limefungwa vifungo. Toa. Tuseme kifua chako ni inchi 36, ukiongeza 4 unapata 40, shati ni 48, basi limezidi inchi 8. Watu wanaona 8 wanagawanya kwa mbili wanakata inchi nne kila upande, na shati linakuwa la mtoto. Kila mshono wa pembeni una tabaka mbili za kitambaa, mbele na nyuma, na mishono ya pembeni iko miwili, jumla nne. Kwahiyo 8 gawanya kwa 4, unaingia ndani inchi 2 tu kutoka kwenye mshono wa zamani. Inchi moja unayoingia pembeni ni inchi nne mwilini. Iandike ukutani juu ya cherehani.

Geuza shati ndani nje, chora mstari mpya kuanzia chini kabisa, panda juu, pitia kwapani kwa mviringo laini, ingia mpaka kwenye mkono uishie kwenye kafu, ule ukanda wa mwisho wa mkono, mstari mmoja usiokatika. Shonea kwanza kwa mishono mirefu, milimita 4, ambayo inafumuka kirahisi. Jaribu. Nyanyua mikono kama unashika kamba ya daladala, kaa, inama. Likikubali shonea mishono ya kawaida ya milimita 2.5, kata kinachozidi ukiacha akiba, na pale kwapani kwenye kona katakata vimkato vidogo ambavyo havifiki kwenye uzi ili pakunjuke. Malizia kwa ovaloki. Kama cherehani yako ni ya miguu na haina zigizaga mpelekee fundi mwenye ovaloki akupigie hiyo tu, au kwa kitambaa chepesi tumia mshono wa kufichwa, unashona kwanza robo inchi ndani zikiwa zimekutana, unapunguza, unageuza, unashona tena kwa upande wa ndani, nyuzi zote zinafungiwa humo humo.

Ukitaka gauni ni shati lilelile, ongezea chini kipande cha kitenge cha kuzunguka. Upana wa kitenge cha marinda uwe mara moja na nusu ya mzunguko wa shati pale unapounganisha, ukitaka marinda mengi mara mbili, na hapo piga mistari miwili ya mishono mirefu juu, vuta nyuzi za chini pamoja mpaka kipande kilingane. Chagua kitenge ambacho uzito wake unakaribiana na shati, kitenge kizito kikining'inia kwenye shati jepesi kinavuta mabega yote chini. Na kabla hujakata kitenge angalia kama maua yake yana juu na chini, ndege akisimama kichwa chini kila mtu anaona.

Vipande vinavyobaki vya shati usitupe, mgongo wa shati moja kubwa unatoa kigauni cha mtoto wa mwaka mmoja au kaptula.

Jinzi inayoachia kiunoni

Hii ni shida ya wadada wengi wa huku, jinzi ikipita mapajani na makalioni basi kiunoni nyuma inabaki uwazi wa kutosha kuingiza mkono. Watu wanavaa mkanda wanakaza mpaka jinzi inajikunja. Wengine wanapeleka inabanwa pembeni na matokeo yake mifuko inapinda. Mahali sahihi ni nyuma katikati.

Toa ile luksi ya katikati nyuma, kile kitanzi cha kupitishia mkanda. Fumua bendi ya kiuno kama inchi nne kila upande kutoka katikati. Fumua ule mshono wa makalio kuanzia juu kushuka, ile mistari miwili ya uzi wa rangi, ila simama kabla hujafika kwenye mzunguko wa chini wa katikati ya miguu. Vaa jinzi ndani nje, mwambie mtu akubane kwa pini, au pima mwenyewe ule uwazi. Hapa tabaka ni mbili tu, kwahiyo uwazi wa inchi 2 unaingia inchi 1 kila upande kwa juu, na mstari unashuka ukipungua taratibu mpaka uishe sifuri kwenye mshono wa zamani, uishe polepole kabisa, ukiisha ghafla utapata kipembe kinachotokeza. Usitoe zaidi ya inchi mbili kwa njia hii, mifuko ya nyuma itakaribiana mpaka ionekane vibaya.

Shona, laza akiba upande uleule ilivyokuwa imelala mwanzo, piga mistari ya juu kwa uzi unaofanana. Bendi nayo ikate katikati, toa kile kipimo kilekile ila kumbuka kuacha akiba ya kuunganishia, unganisha, irudishie, alafu luksi ya mkanda inakuja kufunika mshono wako na hakuna atakaejua. Cherehani ikikataa kupanda pale penye unene, weka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ili mguu ukae sawa, na ule unene ugonge kwa nyundo ndogo kwanza ulainike. Zungusha gurudumu kwa mkono hapo, usikanyage.

Urefu ukizidi na unataka ile pindo ya kiwandani ibaki, tuseme unapunguza inchi 3. Kunja mguu wa jinzi kwa nje ili pindo lipande juu, pima kutoka ukingo wa ndani wa lile pindo mpaka kwenye mkunjo iwe nusu ya unachopunguza, yaani inchi moja na nusu. Piga pini, shona karibu kabisa na pindo bila kupanda juu yake. Ukishusha pindo chini, ziada inaingia ndani, ikate upige ovaloki, upige pasi.

Kurekebisha pateni ya kununua au ya kupakua

Pateni za karatasi zenye saizi tofauti zimeanza kuuzwa na fundi mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, mwaka 1863, na toka hapo wazo ni lilelile, wanachora mwili mmoja wa katikati alafu wanakuza na kupunguza. Kampuni kubwa za kule wanachorea kifua cha kikombe B, yaani tofauti ya kama inchi 2 kati ya kipimo cha juu ya matiti na kipimo cha matiti yenyewe. Kwahiyo ikikukataa mwili wako hauna tatizo lolote, pateni ndo haijakutana na wewe. Irekebishe kwenye karatasi, kabla ya kitambaa.

Kwa nguo ya juu chagua saizi kwa kipimo cha juu ya matiti, tepu ipite chini ya makwapa juu ya matiti, mana hapo ndo panaamua mabega na shingo. Sketi na suruali chagua kwa hipsi. Kama kiuno kinaangukia saizi ndogo zaidi, pateni zenye mistari ya saizi nyingi zinaruhusu, anzia kwenye mstari wa hipsi yako na panda kwa mviringo laini mpaka mstari wa kiuno chako. Gauni hivohivo, juu saizi moja chini saizi nyingine, hakuna sheria inayokukataza.

Urefu usiongezee chini kwenye pindo kama nguo ina umbo, utakuta kiuno cha gauni kiko mbavuni. Kata pateni kwa mlalo kati ya kwapa na kiuno, au kati ya kiuno na hipsi, kutegemea we ni mrefu wapi, tenganisha vipande kwa kipimo unachotaka, bandika karatasi katikati, sawazisha mistari ya pembeni. Mbele na nyuma kwa kipimo kilekile.

Matiti makubwa kuliko pateni, hii inataka utulivu ila ukiifanya mara moja inakukaa kichwani. Toa kipimo cha matiti cha pateni kwenye chako, gawanya kwa mbili kwa sababu kipande cha mbele kwenye karatasi ni nusu ya mwili. Weka alama ya chuchu kwenye pateni, jipime kutoka begani upate pahali sahihi. Chora mstari kutoka pindo la chini kupanda wima mpaka hiyo alama, kutoka hapo ukate kona uende kwenye duara la kwapa, theluthi yake ya chini. Chora mwingine katikati ya dati ya pembeni mpaka kwenye alama. Kata mstari wa kwanza kuanzia chini mpaka karibu na kwapa, acha kidogo tu pabaki pameungana. Kata wa dati kuanzia pembeni, nao uache pameungana kidogo pale kwenye alama. Sasa sogeza kipande cha pembeni mpaka uwazi pale kwenye alama ufike kile kipimo ulichogawanya, na uwazi wa kushuka chini uwe sambamba. Utaona dati imefunguka yenyewe ikawa kubwa, ndivyo inavyotakiwa, na upande wa pembeni umeshuka chini kuliko katikati, kata kipande cha katikati kwa mlalo ukishushe kilingane. Bandika karatasi chini ya uwazi wote. Dati yako mpya iishie inchi moja kabla ya alama, isifike juu ya chuchu kabisa.

Sketi inayopanda nyuma, yaani ukiangalia kwenye kioo kwa pembeni pindo la nyuma liko juu kuliko la mbele, inataka urefu juu ya makalio. Kata kipande cha nyuma kwa mlalo usawa wa hipsi kuanzia katikati nyuma mpaka karibu na mshono wa pembeni, acha pameungana, fungua pale katikati nusu inchi mpaka inchi moja. Pembeni haijabadilika kwahiyo bado inalingana na mbele, sawazisha tu mstari wa katikati nyuma.

Baada ya hapo shona nguo ya majaribio, na hapa mashuka ya mtumba yanarudi. Shuka moja kubwa la pamba linatosha blauzi mbili tatu za majaribio, mishono mirefu, bila kola bila zipu, funga kwa pini. Vaa usome makunyanzi. Yanayoelekea sehemu fulani kwa mshazari yanakuonyesha panapobana, yafate mpaka mwisho wake ndo kuna kazi. Yaliyolala kwa mlalo yamelegea yanamaanisha urefu umezidi hapo, yabane kwa pini, pima ulichobana, kitoe kwenye karatasi. Chora kwa kalamu moja kwa moja kwenye shuka huku umevaa, au mtu akuchoree. Piga picha mbele, nyuma na pembeni, kioo kinakufanya ujinyooshe lakini picha inaonyesha jinsi unavyosimama siku zote.

Kwa fulana na vitambaa vya kuvutika hesabu ni tofauti, nafasi ya kupumua inaweza kuwa sifuri au hata kupungua chini ya kipimo chako, kwahiyo pateni ya kitenge usiitumie kwenye fulana wala ya fulana kwenye kitenge.

Pateni ikishakubali nakili upya kwenye kalenda safi ikiwa na marekebisho yote, usitegemee ile yenye viraka. Zikunje kwa kuviringisha, weka kila nguo kwenye mfuko wake, na kwa nje bandika kipande cha kitambaa ulichoshonea, jina la mwenye vipimo na tarehe. Za watoto rudia vipimo kila unapotaka kukata, hata kama uliwapima juzi juzi tu.